Mazuku ndani ya kisima: ni nini kinachotiwa katika gazi ili ipasue mwamba?

Mzazi yeyote wa Goma, wa Sake au wa vijiji vilivyo juu ya mawe ya volkano anajua kumwambia mtoto wake asishuke katika shimo asubuhi na mapema, wakati upepo haujaanza kuvuma. Tunaita ile hewa mazuku. Mbuzi anaingia kula majani, hatoki tena. Wataalamu wanaiita gazi kaboniki, ileile tunayotoa puani na ileile inayofanya soda itoe povu. Haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini mahali palipo bonde na kumnyima pumzi yule anayeingia.

Leo tunaandika juu ya gazi hiyo kwa sababu nyingine. Katika nchi za mbali wahandisi wanaisukuma ndani ya visima vya petroli na vya gazi ili ipasue mwamba, mahali pa maji. Habari hiyo mara nyingi inakuja pamoja na neno moja tamu: safi. Kupasua mwamba bila maji, wanasema, tena kwa gazi ambayo dunia nzima inatafuta mahali pa kuizika. Sisi hatukatai kwamba kuna ukweli ndani yake. Lakini gazi hiyo peke yake haifanyi kazi hiyo vizuri. Inahitaji kutiwa kitu cha kuizitisha, na mpaka sasa kile kinachoizitisha vizuri kuliko vyote kinatoka katika ukoo wa kemikali ambazo zimekwisha kuharibu maji ya watu wengi.

Tuseme jambo moja wazi kabla ya kuendelea, ili pasizaliwe uvumi katika makanisa yetu. Hakuna kazi ya namna hii iliyotangazwa huku mashariki. Gazi ya methani ya Ziwa Kivu haihitaji kupasua mwamba wowote: imeyeyuka ndani ya maji ya kilindini, na mitambo inayapandisha maji hayo kwa bomba mpaka gazi ijitenge yenyewe. Ndivyo ng'ambo, upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unavyopata umeme wake. Basi mtu akiwaambia waamini kwamba mwamba ulio chini ya ziwa utapasuliwa kesho, asisadikiwe.

Hata hivyo nchi yetu imo katika soko. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza mnada wa maeneo 27 ya petroli na maeneo 3 ya gazi. Oktoba 2024 ule wa petroli ukafutwa. Mwaka 2025 yakafunguliwa maeneo mengine 52, mengi yake katika Cuvette Centrale. Atakayechimba miaka kumi au ishirini ijayo atakuja na ufundi utakaokuwa umekwisha kukubaliwa kwingine, na maneno yatakayokuwa yamekwisha kuzoeleka. Ndiyo maana ni afadhali kuyajua sasa.

Kupasua mwamba kwa njia ya kawaida ni hivi. Kuna miamba ya udongo uliogandamana kwa miaka mamilioni ambayo inashika gazi au petroli ndani ya vitundu vidogo sana, nayo haiiachii. Wanatoboa kisima, kisha wanasukuma maji kwa nguvu kubwa mpaka mwamba unafanya nyufa. Ndani ya maji wametia mchanga. Nguvu ya pampu ikiondolewa, nyufa zinataka kujifunga, lakini punje za mchanga zinabaki katikati kama vijiti vya kuzuia mlango, na gazi inapata njia ya kutoka. Kisima kimoja kinaweza kunywa lita milioni 10 mpaka 20, na vingine zaidi ya hapo.

Maji matupu hayabebi mchanga vizuri. Kwa hiyo wanayazitisha, mara nyingi kwa unga wa guar, aina ya maharage inayolimwa sana India na Pakistan. Ukitia unga huo kidogo katika maji yanavutika kama mchuzi wa dongodongo. Wakulima wa Rajasthan walishangaa mwaka 2012 bei ya maharage hayo ilipopanda ghafula kwa sababu wachimbaji wa Marekani waliyagombania. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba kile kinachozitisha si kitu cha pembeni. Bila hicho mchanga unaanguka chini ya kisima, na kazi yote ya pampu inapotea bure.

Sasa turudi kwenye gazi kaboniki. Ukiibana zaidi ya mara 73 ya uzito wa hewa ya kawaida, na joto likipita digrii 31, inaingia katika hali ambayo si gazi wala si maji. Wataalamu wanaiita superkritiki. Inakuwa nzito karibu kama maji, lakini inapenya kama hewa. Faida zake ni za kweli. Mahali penye ukame haimalizi maji ya watu. Haivimbishi udongo ulio ndani ya mwamba, jambo ambalo maji hulifanya na kuziba vitundu. Katika miamba mingine inashika nafasi ya methani, methani ikatoka nayo ikabaki, na sehemu yake inazikwa kulekule chini. Canada walianza kupasua kwa gazi kaboniki iliyogeuzwa kuwa majimaji tangu miaka ya 1980. Leo China ndiyo inayoshughulika nayo sana, hasa katika bonde la Ordos, nchi kavu ambako maji ni ya shida, na ambako viwanda vya makaa ya mawe vinatoa gazi hiyo kwa wingi.

Kasoro yake ni kwamba ni nyepesi mno katika kutiririka, mara kumi na zaidi kuliko maji. Mchanga ukitiwa ndani yake unazama upesi, na yenyewe inakimbilia katika kila kitundu cha mwamba kabla ya kupanua ufa mkubwa. Inahitaji kuzitishwa kuliko maji, na hapa ndipo wanakemia wamelala macho miaka mingi. Wanga hauyeyuki ndani yake. Guar haiyeyuki. Karibu kila polima, yaani kila mnyororo mrefu wa kemikali wenye uwezo wa kuzitisha, unakaa chini ya chombo kama mawe katika chungu. Mwaka 2012 Robert Enick wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walitoa ripoti iliyopitia utafiti wa miaka 40 juu ya jambo hilo, na mtu akiisoma anaona majaribio mengi na mafanikio machache.

Njia ilifunguliwa na madini ya fluori. Mwaka 1992 Joseph DeSimone na wenzake, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, walionyesha kwamba minyororo iliyovishwa fluori inayeyuka vizuri ndani ya gazi kaboniki. Mwaka 2000 watu wa Pittsburgh wakatoa polima ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha nyingine zote. Kutengenezwa kwake si muujiza. Wanachukua majimaji ya namna mbili: akrilati yenye mkia wa fluori, na stireni, ileile ambayo kwayo hutengenezwa plastiki nyeupe nyepesi inayofunga televisheni mpya katika katoni. Wanayachanganya, wanaondoa hewa, wanatia dawa kidogo ya kuanzisha, na wanaacha chombo katika joto la digrii 60 na zaidi kidogo kwa saa nyingi. Viungo vinashikana kimoja baada ya kingine mpaka vinakuwa mnyororo mrefu.

Siri iko katika kipimo. Fikirini uzi wa shanga. Shanga za fluori zinapenda gazi kaboniki, ndizo zinazouyeyusha uzi. Shanga za stireni haziipendi, kwa hiyo zinatafutana: stireni ya uzi huu inaegemea stireni ya uzi ule, na nyuzi zote zinashikana kama watu walioshikana mikono katika mto wenye nguvu. Hapo gazi inakuwa nzito. Stireni ikiwa chache, nyuzi hazishikani. Ikizidi, uzi wote unakataa kuyeyuka. Waliona kwamba karibu shanga 29 za stireni katika kila 100 ndicho kipimo kizuri. Kwa kutia asilimia 1 mpaka 5 ya polima hiyo, uzito wa kutiririka uliongezeka mara 5 mpaka 400. Kwa watu waliokuwa wamepigana na tatizo hilo miaka mingi, hiyo ilikuwa habari njema kweli, na hatutaki kuidharau akili waliyopewa na Mungu.

Lakini mkia ule wa fluori una jina lingine. Ni wa ukoo unaoitwa PFAS, ambao watu wengi sasa wanauita kemikali za milele. Kaboni na fluori zikishikana, zinashikana kwa nguvu ambayo jua, mvua na vijidudu vya udongo haviwezi kuivunja. Tabia ileile inayowafurahisha wahandisi ndani ya kisima ndiyo inayowatesa watu nje ya kisima.

Yaliyotokea Parkersburg, katika West Virginia nchini Marekani, yanajulikana. Kiwanda cha DuPont kilitumia kemikali ya ukoo huo, PFOA, kwa kutengeneza kitu kinachozuia chakula kushika sufuria. Mfugaji mmoja aliona ng'ombe wake wanakufa kando ya kijito. Wakubwa hawakumsikiliza, mpaka mwaka 1999 mwanasheria Robert Bilott alipopeleka jambo lake mahakamani. Karibu watu 69,000 walitoa damu yao ipimwe. Jopo la wanasayansi likasema mwaka 2012 kwamba kuna uhusiano unaowezekana kati ya kemikali hiyo na magonjwa sita, kati yake saratani ya figo, saratani ya korodani na ugonjwa wa tezi ya shingo. Mwaka 2017 kampuni ya DuPont na nyingine iliyozaliwa kutoka kwake zilikubali kulipa dola milioni 671. Mwisho wa 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka PFOA katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Kiasi chenyewe ndicho kinachotutisha. Mwaka 2024 Marekani iliweka mpaka wa nanogramu 4 za PFOA kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tumefanya hesabu kwa vyombo vyetu. Gramu moja tu, uzito wa punje chache za maharage, inatosha kufikisha mpaka huo katika lita milioni 250. Hizo ni bidoni za njano za lita 20 milioni 12 na nusu. Mama anayepanda kutoka ziwani na bidoni mgongoni hana macho ya kuona kitu kama hicho, na wala kuchemsha maji hakukiondoi. Sisi tumezoea kufundisha katika vikundi vya wamama kwamba maji yakichemshwa, au yakitiwa klori, yako salama. Kwa kipindupindu ni kweli. Kwa hili si kweli.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Polima ya Pittsburgh si PFOA. Ni mnyororo mkubwa, na wenye viwanda wanadai kwamba minyororo mikubwa namna hiyo haiingii mwilini kwa urahisi kama zile ndogo. Tena bei yake kubwa imezuia isienee katika visima. Dai la kwanza lina uzito, lakini halifungi jambo. Ile mikia inaweza kukatika polepole, mwaka baada ya mwaka. Vipande vidogo ambavyo havikushikamana vinabaki ndani ya polima tangu kiwandani. Tena mtu hawezi kutengeneza akrilati ya fluori bila kiwanda cha fluori, na kila kiwanda kina jirani anayekunywa maji. Kampuni ya 3M, mojawapo ya wakubwa wa kazi hiyo, ilitangaza Desemba 2022 kwamba itaacha kutengeneza PFAS zote mpaka mwisho wa 2025. Watu hawaachi biashara yenye faida kwa sababu ya uvumi.

Je, hakuna kitu kingine? Kipo, ila kila kimoja kina shida yake. Silikoni, jamaa ya ile inayotumiwa kuziba vioo vya madirisha, inakubali kuyeyuka ikisaidiwa. Katika majaribio ya mwaka 1993, ili asilimia 4 ya silikoni iyeyuke ilibidi kutia asilimia 20 ya tolueni, ile harufu kali iliyo katika rangi za mafuta na katika gundi wanayonusa watoto wa mitaani. Sehemu ya tano ya mchanganyiko mzima! Gazi safi inaingia kisimani ikiwa imebeba sumu ya aina nyingine. Wapo waliojaribu polivinili asetati, na maseremala wetu wanaijua vizuri, maana ndiyo kole nyeupe ya mbao. Haina fluori hata kidogo, na ni rahisi kununua. Inayeyuka, lakini kwa mgandamizo mkubwa mno, na inazitisha kidogo. Eric Beckman na wenzake, palepale Pittsburgh, walionyesha mwaka 2000 kwamba polima isiyo na fluori inaweza kutengenezwa ikayeyuka hata kwa mgandamizo mdogo. Ila kuyeyuka ni kitu kimoja, na kuzitisha ni kingine. Maabara za China zinaendelea kutafuta, hasa katika silikoni zilizobadilishwa. Tunawaombea wafaulu. Siku itakapopatikana polima isiyo na fluori, isiyohitaji tolueni, tena yenye nguvu ya kubeba mchanga, hoja yetu hii itakuwa imepungua, nasi tutafurahi.

Tusisahau pia gazi yenyewe. Watu wa ziwa letu hawahitaji kufundishwa, maana Kivu inashika chini yake karibu kilometa za ujazo 300 za gazi kaboniki, na tunajua habari ya Ziwa Nyos huko Kameruni, ambako usiku wa Agosti 21, 1986 watu zaidi ya 1,700 walikufa bila kuona adui. Lakini hata gazi ya bomba inafanya hivyo. Februari 22, 2020, karibu na Satartia katika Mississippi, mvua nyingi iliteremsha udongo na bomba la gazi kaboniki likapasuka. Magari yalizimika barabarani kwa kukosa oksijeni. Watu 45 walifika hospitali, karibu 200 wakahamishwa. Ni mazuku yetu yaleyale, yaliyotengenezwa na mkono wa mtu. Kisima cha kupasua kwa gazi kinahitaji matangi na malori yaliyojaa kitu hicho, na swali la nani anakaa bondeni chini ya matangi hayo si la kitaalamu peke yake.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea wale kondoo wanene ambao wakiisha kunywa maji safi wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, wakiwaachia wengine matope. Tunalirudia neno hilo mara nyingi juu ya dhahabu na zebaki katika mito yetu. Hapa lina ugumu mwingine, maana matope yanaonekana, na PFAS haionekani. Mchungaji hawezi kusimama kando ya mto akainyooshea kidole. Anaweza tu kudai karatasi.

Na karatasi zipo, kwa haki. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 na ile ya hidrokaburi ya Agosti 2015 zinataka uchunguzi wa athari kabla ya kazi, ule unaoitwa étude d'impact, na watu wa mahali wasikilizwe. Tunajua jinsi mikutano hiyo inavyokwenda. Hema linasimamishwa, soda zinagawanywa, mchungaji anaombwa afungue kwa sala, halafu anaombwa atie sahihi katika orodha ya waliohudhuria, na baadaye orodha hiyo inaonyeshwa kwamba watu walikubali. Hatusemi mchungaji akatae kusali. Tunasema aulize kabla ya kutia sahihi, na kwamba sahihi ya kuhudhuria iandikwe kuwa ni ya kuhudhuria tu.

Aulize nini? Asiulize kama kazi ni safi, maana jibu litakuwa ndiyo. Aombe orodha ya kila kitu kitakachotiwa kisimani, pamoja na namba ya CAS ya kila kimoja. Namba hiyo ni kama namba ya kitambulisho: bidhaa inaweza kubadilishwa jina la biashara mara kumi, lakini kemikali iliyo ndani haibadilishi namba yake. Mwanafunzi yeyote wa kemia katika vyuo vikuu vyetu anaweza kuitafuta. Akiambiwa kwamba ni siri ya biashara, ajue kwamba wakaaji wa Marekani nao waliambiwa hivyo miaka mingi, na kwamba jimbo la Colorado lilipitisha sheria inayokataza, tangu Januari 2024, bidhaa zilizotiwa PFAS makusudi katika kupasua miamba ya petroli na gazi. Wao wenye maabara kila mji wameona vema kukataza. Sisi, ambao kupima nanogramu ya PFAS kunatulazimu kupeleka chupa ya maji ng'ambo, tutategemea nini kama kitu kimekwisha kuingia?

Jambo lingine aombe ni kwamba maji ya visima na vijito vya karibu yapimwe kabla ya kazi kuanza, na matokeo yawekwe mahali pawili, kwa chifu na kwa Kanisa. Parkersburg walipigana miaka mingi. Na hiyo étude d'impact, ambayo kwa kawaida inakuja kwa Kifaransa, kurasa mamia, ifupishwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti katika kila kanisa la eneo hilo, Jumapili mbili kabla ya hema kusimamishwa, wale wamama wenye bidoni wakiwa wameketi mbele.